Kwa nini asali huganda upesi ikimiminwa kwenye ndoo yenye mabaki?

Chukua asali mpya kutoka Mufindi au Makete, igawe mara mbili. Nusu imimine kwenye ndoo safi. Nusu nyingine itie kwenye ndoo ambayo pembeni imebakia asali ya msimu uliopita, iliyokwisha kuganda. Ile ya ndoo safi inaweza kukaa muda mrefu ikiwa nyororo. Ya pili itaanza kuganda mapema zaidi, na mteja wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, akiiona atasema imetiwa sukari.

Shutuma hiyo huwaumiza bure warina asali waaminifu. Kuganda peke yake si ushahidi wa udanganyifu.

Asali ina maji chini ya asilimia 20 hivi, na sukari zaidi ya asilimia 70. Sukari hizo ni hasa za aina mbili, fruktosi na glukosi. Fruktosi huyeyuka kwa urahisi. Glukosi, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 30 ya asali, huwa nyingi kuliko kiasi ambacho maji hayo machache yanaweza kubeba. Ziada hiyo ndiyo hujipanga ikawa fuwele, yaani punje ngumu.

Mbona basi haigandi palepale? Kwa sababu kuanza ndiko kugumu. Molekuli chache za glukosi zikikutana, karibu zote huwa ziko ukingoni mwa kundi, hazijashikwa pande zote, na mara huachana tena. Mpaka kundi lifikie ukubwa fulani, kuvunjika ni rahisi kuliko kukua. Fuwele iliyobaki ndooni imeshavuka kizingiti hicho. Ni kama ukuta ulioachwa nusu: fundi hachimbi msingi, anaongeza tofali tu. Fuwele kama hiyo wataalamu huiita mbegu.

Tena mbegu haikui tu, inazaa, na hapa ndipo jambo lenyewe linapopendeza. Fuwele zikigongana, au zikigongwa na mwiko au ukuta wa chombo, hutoa vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kipande kinaweza kuwa mbegu mpya. Mwaka 1971, watafiti Clontz na McCabe walichapisha majaribio waliyofanya kwa fuwele ya magnesi salfeti, aina ya chumvi, ndani ya mmumunyo wake. Waliigonga kidogo tu, na fuwele mpya zikatokea hata pale ambapo ile ya kwanza haikuonekana kuumia. Katika matangi ya viwandani yanayokorogwa, aghalabu fuwele mpya hutoka kwa njia hii ya kuzaliwa na nyingine.

Viwanda vya sukari huishi kwa kanuni hiyo. Maji ya miwa huchemshwa kwenye chungu kilichopunguzwa hewa, ili yachemke kwenye joto la chini bila sukari kuungua. Yakikolea vya kutosha, hutiwa kiasi kidogo cha sukari iliyosagwa laini kabisa na kuchanganywa na spiriti, kwa kuwa humo haiyeyuki. Kazi ngumu ni kuzilea mbegu hizo zikue kwa pamoja. Mpishi akiacha mchanganyiko ukolee kupita kiasi, huzuka fuwele nyingine ambazo hakuzihitaji, ndogo mno, ambazo hupenya kwenye chujio la mashine ya kuzungusha na kwenda na molasi.

Kwenye asali, mtafiti wa nyuki Elton Dyce alipata hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1935 kwa njia ya kuigandisha kwa makusudi. Asali hupashwa moto ili fuwele za zamani ziyeyuke, hupozwa, kisha huongezwa asali iliyoganda laini, kama asilimia 5 hadi 10, na kuhifadhiwa penye nyuzi 14 hivi za Selsiasi. Mbegu zikiwa nyingi na ndogo, glukosi hugawanyika kwazo zote, na asali hutoka laini ya kupaka kwenye mkate. Zikiwa chache, kila moja hunenepa na ulimi husikia chenga. Kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai, sioni kwa nini wafugaji wetu wa nyuki wasiijaribu: joto hilo Dar es Salaam utalinunua kwa umeme.

Anayetaka ibaki nyororo aichuje vizuri, aiweke kwenye chombo kilichooshwa kwa maji moto na kukauka kabisa, na asichanganye ya zamani na mpya. Ikiganda, aitumbukize chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyochemka, mpaka ilainike.