Je, wajua machale hucheza vipi?

Mama anayenunua samaki mnadani Feri, Dar es Salaam, hana muda wa kutafakari. Bei inatajwa, mtu wa pembeni anaongeza, na ndoo ya changu iliyo mbele yake itapata mwenyewe sasa hivi. Anaitupia jicho, anambinya samaki mmoja, anasonya, anaipita. Ukimuuliza kulikoni, atakujibu, "Moyo umekataa tu." Shinda naye wiki nzima utaona kwamba moyo huo haukosei mara nyingi.

Sasa mpeleke mama huyohuyo Kigamboni akanunue kiwanja. Dalali ni mcheshi, ana karatasi yenye mhuri, anamwita "mama yangu" kila baada ya maneno matatu. Moyo unasema hapa ndipo. Analipa, na miaka miwili baadaye anajitokeza mtu mwingine, naye ana karatasi yenye mhuri. Moyo ni uleule. Kwa nini kwenye samaki ulijua, na kwenye kiwanja ukalala?

Mitaani jambo hili lina jina lake: machale. Yakikucheza, unajua kitu kabla hujajua umekijuaje. Wapo wanaoyaita hisi ya sita, wapo wanaosema ni malaika wa mtu. Imani ya mtu siigusi, ila sehemu kubwa ya machale ina maelezo ya kawaida kabisa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, alianza miaka ya 1980 kuwahoji makamanda wa zimamoto: mnaamuaje wakati nyumba inateketea? Mmoja alimsimulia moto uliowaka jikoni kwenye nyumba ya kawaida tu. Yeye na vijana wake waliingia, wakaumwagia maji, moto ukazidi kuwajia juu. Akiwa sebuleni, ghafla akaona pale si salama. Akaamuru wote watoke. Walipotoka tu, sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka. Kumbe moto wenyewe ulikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, chini ya miguu yao.

Kamanda yule aliamini ana kipaji cha kuona yasiyoonekana. Klein alipomrudisha kwenye tukio hatua kwa hatua, yakatoka mambo mengine: sebule ilikuwa na joto kuliko moto wa jikoni unavyoweza kuleta, moto haukupungua kwa maji, na ulikuwa kimya mno kwa joto lile. Mioto mingi aliyowahi kuizima ilikuwa imempa picha ya jinsi moto wa jikoni unavyokuwa, na huu haukufanana nayo. Kichwa kilipiga king'ora kabla ya maneno kupatikana.

Kwa hiyo machale ni kumbukumbu inayofanya kazi bila kujieleza. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde tano, kisha wakawataka wapange kete kama walivyoziona. Ubao ukitoka kwenye mchezo wa kweli, bingwa alimwacha mbali mwanafunzi. Kete zikitawanywa ovyo, ubingwa ukayeyuka, wakawa karibu sawa. Jicho la bingwa lilikuwa limeshiba michezo ya kweli, si zaidi ya hapo.

Mwili nao una sehemu yake. Katika jaribio lililotolewa mwaka 1997 na kundi la watafiti Antoine Bechara na Antonio Damasio kutoka Iowa, Marekani, watu walifunua karata kutoka mafungu manne. Mawili yalilipa kwa fujo kisha yakanyang'anya zaidi, mawili yalilipa kidogo kidogo lakini yakaacha faida. Viganjani waliwekewa vipima jasho. Baada ya karata kama kumi hivi, jasho lilianza kupanda kila mkono ulipoelekea fungu baya. Kauli ya "nahisi hili si zuri" ilikuja karibu na karata ya 50. Watafiti wengine walibisha mwaka 2004, wakaonyesha kwamba watu wakiulizwa vizuri zaidi, hukiri kujua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Ubishi huo bado una uzito. Lakini yeyote ambaye tumbo limewahi kumsokota kabla ya kutia saini anajua mwili haungoji kikao.

Turudi kwa mama yetu. Mwaka 2009 Klein aliandika makala pamoja na Daniel Kahneman, mshindi wa Nobeli ya uchumi aliyejulikana kwa kutoyaamini machale. Wawili hao walitarajiwa kugombana, wakaishia kukubaliana: machale huaminika pale tu mambo yanapokwenda kwa utaratibu unaoweza kujifunzika, na mtu amepata mazoezi mengi huku akiyaona majibu yake. Samaki ana utaratibu huo. Jicho likififia na shavu likipoteza wekundu, mama anajua, na akikosea leo, jioni wateja wanamrudishia maneno. Viwanja ananunua mara moja au mbili maishani, na jibu linakuja miaka baadaye likiwa na wakili.

Ndiyo maana mimi swali la "unahisije?" silipendi likiachwa peke yake. Liongezewe: hisia hii imesomea wapi? Ikiwa imesomea kwenye matukio mia, isikilize. Ikiwa imesomea kwenye tukio moja lililokuumiza, kumbuka kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyeachwa na mchumba mmoja mwenye safari nyingi atamkimbia kila dereva wa masafa marefu, na ataapa ni machale. Haraka nayo hujivika sura hiyohiyo, na matapeli wanalijua hilo. "Kuna mwingine anakuja saa kumi na hela mkononi" haikutungwa kwa bahati mbaya.

Kuyanoa kunawezekana, ingawa kunachosha kidogo, kwa sababu lazima ujitengenezee yale majibu ambayo soko la samaki hutoa bure. Chukua daftari. Kabla ya kuamua, andika tarehe, unachohisi kitatokea, na kilichokufanya uhisi hivyo. Usiporuka hatua hii kumbukumbu haitaweza kukudanganya baadaye, maana sote tukishaona matokeo husema "nilijua tu." Baada ya miezi michache rudi ukasome.

Langu lina mwaka na ushei. Kuhusu watu wa kufanya nao kazi, nimepatia mara nyingi kuliko nilivyotarajia, pengine kwa sababu nimekaa ofisini miaka mingi na kuwaona wakija na kuondoka. Kuhusu mafundi ujenzi, nimekosea karibu kila mstari. Kwa hiyo siku hizi fundi akinivutia kwa mazungumzo tu, namwomba anipeleke nyumba mbili alizojenga, tena baada ya mvua.