Usitoe Upepo kwa Kuogopa Jua

Saa nane mchana, jua la kaskazi likiwa limekolea, dereva mmoja wa teksi aliingia katika karakana ya chuo ninakofundisha akitoka Mariakani. Injini yake haikuwa na neno. Alitaka nimtolee upepo kwenye matairi. "Mwalimu, jua limeyajaza," akaniambia huku akiligonga tairi la mbele kwa kiatu. Nikapima. Matairi matatu yalisoma psi 37 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), la nne 35, na gari lake linatakiwa kuwa na 33.

Nilimkatalia. Ombi lile nalisikia kila msimu wa joto, na kati ya makosa yote ya matairi ninayoyaona hapa Mombasa, hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu anayelifanya anadhani anajikinga na ajali.

Namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari ni ya tairi baridi, yaani gari lililolala, au lililosimama kivulini kwa saa 3 hivi. Likishatembea, tairi hupata moto na upepo wa ndani hutanuka. Kupanda kwa psi 4 baada ya safari kama ile ni jambo la kawaida, na waliolitengeneza tairi walishalihesabu. Ukiupunguza mchana hadi 33, alfajiri utakuta kama 29, na hiyo 29 ndiyo utakayoondokea nyumbani.

Tena, joto linalopasua tairi halitoki juani peke yake. Pale tairi linapoikanyaga lami, hubonyea, likiinuka, hunyooka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mwendo kwa magari ya abiria, yaani matatu, tairi la gari dogo huzunguka kama mara 11 kila sekunde, na katika kila mzunguko ubavu wake hukunjwa ukakunjuliwa. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua pale pale mara 20 upesi upesi, kisha uguse mkunjo kwa shavu. Utashtuka. Ndivyo unavyokuwa ubavu wa tairi lenye upepo mdogo: hukunjwa zaidi, huchemka zaidi, na nyuzi za ndani huanza kuachana na mpira. Anayetoa upepo ili tairi lisipasuke analisogeza karibu na kupasuka.

Joto hilo limenunuliwa kwa petroli. Nguvu iliyopaswa kulisukuma gari mbele inapotelea kwenye mpira. Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria kuwa kila psi 1 inayopungua kwa wastani wa matairi yote hupoteza takriban asilimia 0.2 ya umbali ambao gari lingekwenda kwa mafuta yale yale. Kwa mwenye gari la kwenda kazini na kurudi, hizo si fedha nyingi, na sipendi watu waambiwe kwamba upepo peke yake utawapunguzia gharama kwa nusu. Ila mtazame mwenye matatu anayetia lita 40 kwa siku huku matairi yake yamepungua psi 8. Anapoteza zaidi ya nusu lita kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni kama lita 16. Na hapo hatujahesabu matairi yenyewe, ambayo yataisha pembeni huku mpira wa katikati ukiwa bado mzima.

Wako wanaoacha upepo mdogo kwa kutafuta ulaini, na kwa barabara zetu za ndani, zenye mashimo na matuta, nawaelewa. Lakini ulaini huo una bei: usukani huwa mzito, gari huyumba kwenye kona, na shimo likiwa kali rimu hugonga chini. Kinyume chake pia ni kibaya. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka, huisha katikati na hushika lami vibaya, hasa masika inapoanza.

Anayetaka safari laini aangalie kimo cha ubavu wa tairi. Chukua saizi ya 185/65 R15. Hiyo 185 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na R15 ni rimu ya inchi 15. Hapo unapata milimita 120 za mpira kati ya rimu na barabara. Vijana wengi huziondoa rimu hizo wakafunga za inchi 17 zenye 205/45. Gurudumu zima hubaki karibu na kimo kile kile, lakini ubavu umeshuka hadi milimita 92. Zile milimita 28 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikimeza shimo. Sasa shimo linafika kwenye rimu, kwenye shokabsoba na kwenye kiuno chako. Tairi pana mara nyingi huongeza na ulaji wa mafuta.

Magari yanayoshuka bandarini Kilindini kutoka Japani yana mambo yake mawili. La kwanza ni matairi ya theluji. Soma ubavuni: ukiona neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji, huo ni mpira laini uliotengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Kwenye lami ya Mombasa huisha haraka, na breki za ghafla hulipeleka gari mbali zaidi. Badilisha, hata kama kashata zake, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado ni ndefu. La pili ni kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachoandika presha kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. Igawanye namba hiyo kwa 7 upate psi kwa ukaribu: 220 ni kama 32, 230 ni kama 33. Usiifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi penye neno MAX. Hiyo ni ukomo wa tairi, wala haijui limefungwa kwenye gari gani.

Yule dereva nilimwomba arudi alfajiri kabla ya kupakia mtu. Alifika saa kumi na mbili, kwake ni hatua chache tu kutoka chuoni. Matairi matatu yalisoma 33 barabara. La nne, 28. Nikapaka maji ya sabuni kwenye vali, pale pa kujazia upepo, na povu likaanza kuchipuka taratibu kwenye shina lake, pale mpira ulipochanika kwa uzee. Mchana ule lilikuwa limechemka kuliko wenzake, na moto wake ndio uliofunika sehemu ya pengo. Tulibadilisha vali, nikalijaza, akaondoka.