Salsu si "maji ya mauti"

Juzi nimemsikia tena mtu akieleza kwamba Salsu maana yake ni "maji ya mauti", na kwamba Wakorea walibomoa bwawa wakazamisha Wachina laki tatu. Ni mara nyingi mno sasa, ndiyo maana naandika.

Kwa ufupi, Salsu ni pigano la mwaka 612, lililoitwa kwa jina la mto lilikopiganwa. Jeshi la Goguryeo, ufalme wa kale wa Kikorea, chini ya Eulji Mundeok, lilivunja jeshi la Sui, dola ya Kichina, lililokuwa likirudi nyuma kutoka karibu na Pyongyang. Kumbukumbu zinasema kati ya askari 305,000 waliovuka mto Liao, waliorudi ni 2,700.

Sasa jina lenyewe. "Su" ni maji, na ndivyo mito mingi ilivyoitwa zamani. Tatizo ni "sal". Kwa herufi za Kikorea za leo silabi hiyo huandikwa vilevile hata ikimaanisha kuua, na hapo ndipo watu wanapopotea. Lakini kumbukumbu za kale ziliandikwa kwa herufi za Kichina, na humo "sal" ya mto huu si ile ya kuua. Ni herufi ileile iliyomo katika "bosal", neno la Kikorea la bodhisatva, mtakatifu wa Wabudha! Hili ni jina la mto tu. Halikutungwa kwa sababu ya waliokufa hapo. Wanahistoria wengi wanasema ndio mto Cheongcheon, ulioko Korea Kaskazini.

Bwawa nalo halimo. Samguk Sagi, historia iliyokamilishwa mwaka 1145, inasema Goguryeo walingoja mpaka nusu ya jeshi ilipovuka, kisha wakawapiga waliokuwa nyuma. Na jeshi lile lilikuwa limeshachoka. Askari walitwishwa nafaka ya siku 100 pamoja na silaha, mzigo ukawashinda, wakaifukia kwa siri ndani ya mahema, hata njaa ikawakuta njiani. Eulji Mundeok aliiona njaa hiyo kwa macho yake alipokwenda kambini mwao akijifanya anasalimu amri, ndipo akazidi kuwavuta ndani, akikubali kushindwa mara saba kwa siku moja.

Basi ukiisimulia, Salsu iache iwe mto, na bwawa liite masimulizi ya baadaye.