Mzunguko huzungusha na sumu: dhana potofu kuhusu mabaki ya viwandani

"Uchumi mzunguko ni kuokota chupa za plastiki."

Hii ndiyo dhana utakayoisikia zaidi Dodoma. Uchumi mzunguko ni kuhakikisha malighafi na mabaki yanaendelea kutumika badala ya kutupwa. Kurejeleza, yaani kugeuza taka kuwa kitu kipya, huja mwishoni, baada ya kupunguza malighafi inayopotea na kukitafutia mnunuzi kinachobaki. Wakamuaji wa alizeti wa Dodoma na Singida wamefanya hivyo miaka mingi bila semina ya mtu: mafuta jikoni, mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa) kwa wafugaji, maganda tanurini.

Ila kuuza mashudu kusikufumbe macho. Mashine iliyolika vyuma vya ndani huacha mafuta mengi kwenye mashudu, na mfugaji hatakulipa bei ya mafuta. Tengeneza mashine kwanza, soko la mabaki baadaye.

"Mabaki yoyote yakirudishwa ni faida."

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumia. Mashudu yakirundikwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Ng'ombe akiyala, sumu hupita hadi kwenye maziwa. Tusijifanye wageni wa jambo hili: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, ingawa safari ile ilikuwa kwenye mahindi. Mashudu yakaushwe, yapangwe juu ya chaga za mbao, ghala lipitishe hewa. Yaliyoota ukungu yasiuzwe kwa bei ya kutupa. Hayo si ya mnyama yeyote.

Makapi ya zabibu nayo wengi huyamwaga shambani yakiwa mabichi, eti mbolea. Yana tindikali. Yaozeshwe kwanza yawe mboji.

"Hayo ni ya viwanda vikubwa."

Fundi wa masufuria anayeyeyusha aluminiamu chakavu hana kiwanda kikubwa, na bado kuyeyusha chakavu hutumia takribani asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye madini. Kwa nishati, huyu anawashinda wengi wenye mabango ya mazingira getini.

"Basi sufuria la chakavu halina neno."

Inategemea chakavu. Vipuri vya injini na vyuma vilivyochanganyika vinaweza kuwa na madini ya risasi, nayo huingia kwenye chakula, hasa kikiwa na ndimu au nyanya. Fundi atenge chakavu kabla ya kuwasha moto, na cha injini kiende kwenye vitu visivyopikiwa. Mnunuzi naye amuulize fundi ameyeyusha nini. Asipojibu, aende kwa mwingine.