Sekunde Nane Kabla ya Mguso

Ninapohuisha kwa michoro (katuni) filamu fupi ya familia inayohusu urafiki wa mtoto na mnyama, tukio ninalolihangaikia kuliko yote ni la mguso wa kwanza, kwa sababu mtazamaji asipouamini mguso huo, hakuna muziki utakaomfanya aamini yanayofuata.

Filamu huenda kwa fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde, na katika uchoraji wa mkono tumezoea kuuacha kila mchoro ukae fremu mbili, hivyo sekunde moja huhitaji michoro 12. Sekunde 8 ambazo mbwa mwoga huzitumia kuukaribia mkono wa mtoto ni michoro 96. Mtayarishaji mwenye haraka atataka zipunguzwe ziwe tatu. Mimi huzitetea zote.

Mtazame mbwa huyo kwa karibu. Shingo inarefuka mbele, lakini uzito umebaki kwenye miguu ya nyuma, iliyokunjwa tayari kwa kukimbia. Masikio yamelala, macho yanakwepa, ulimi unalamba pua upesi mara moja. Pua inafika vidoleni, inanusa, inarudi. Ndipo mguu mmoja wa nyuma unaposogea mbele. Hatua hiyo ndogo, ambayo huenda mtoto anayetazama asijue kwamba ameiona, ndiyo imani yenyewe, na mchoraji akiusogeza mwili mzima kwa pamoja, mbwa ataonekana kama kiti kinachosukumwa.

Mtoto naye huchorwa ameketi chini, amegeuka ubavu kidogo, kiganja kikiwa chini ya usawa wa kidevu cha mbwa. (Watoto wengi hunyoosha mkono juu ya kichwa cha mbwa wasiyemjua, jambo linalomtisha, na filamu ya familia haipaswi kuwafundisha hivyo.) Kamera huishusha hadi kimo cha macho ya mtoto.

Mnyama simpi maneno. Akisema kwamba anaogopa, mtoto hana tena haja ya kumsoma, na kule kumsoma kiumbe asiyeweza kujieleza ndiko kunakoujenga urafiki wao.

Tukio la mwisho hulirudia lile la kwanza: mkono uleule, kimo kilekile cha kamera. Safari hii mbwa anakuja kwa mwili wote, mkia ukimyumbisha kiuno, na mwendo mzima unamalizika kwa sekunde moja, michoro 12.