"Mama Amepata Medicare ya Bure"

Kila mwaka, kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba, simu yangu haipumui. Ni msimu wa kubadilisha plani za Medicare, bima ya afya ya serikali hapa Marekani, hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, na salamu hazijaisha mtu ananiambia: "Mama amepata ile ya dola sifuri."

Sifuri ni ada ya plani yenyewe ya Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi. Ada ya Sehemu B (ile ya madaktari na vipimo) kwa kawaida iko palepale, inakatwa kwenye hela ya Social Security, yaani malipo ya uzeeni. Mwaka 2025 wengi walikatwa dola 185 kwa mwezi. Kisha kila ukienda kwa daktari bingwa au ukilazwa, unachangia. Serikali huilipa kampuni binafsi kiasi fulani kwa kila mwanachama, nayo kampuni inabana matumizi kwa orodha yake ya madaktari na kwa kibali cha awali, yaani ruhusa yake kabla ya matibabu. Daktari kaandika MRI ya goti, karatasi imelala kwa kampuni, bibi wa watu anachechemea. Wakikataa, kateni rufaa! Nyingi hufaulu, ila wanaokata ni wachache.

Kinachonichosha hasa ni hili: "Ikinishinda nitarudi Medicare ya kawaida." Kurudi utarudi. Ila Medicare ya kawaida, ile ya serikali yenyewe, inakuachia asilimia 20 ya gharama za Sehemu B, bila kikomo cha mwaka. Pengo hilo huzibwa na Medigap, bima ya nyongeza ya kampuni binafsi, ambayo hupokea kila mtu kwa miezi 6 tu tangu awe na miaka 65 na Sehemu B. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, kampuni inaweza kuuliza habari za sukari na moyo, ikakukataa. New York na Connecticut wana afadhali. Aliyeingia Advantage mara tu alipofikisha 65 ana miezi 12 ya kujaribu na kutoka salama. Watu hunipigia mwezi wa 14.

Kabla mzee hajasaini, pigia mapokezi ya kila daktari wake uwasomee jina la plani herufi kwa herufi. Ukiuliza "mnapokea Medicare?" utajibiwa ndiyo, na hiyo "ndiyo" haitakusaidia kitu.

Mengine ninayoambiwa, kwa haraka. Kwamba kadi itafanya kazi akienda Mombasa kusalimia: Medicare ya kawaida hailipi nje ya Marekani ila kwa hali chache mno, na Kenya haimo. Mnunulie bima ya safari.

Kwamba mzazi akishika green card tu, Medicare ipo: asiye na historia ya kazi hapa, yake wala ya mwenzi wake, husubiri miaka 5 ya kuishi mfululizo, kisha hulipia hata Sehemu A (ile ya kulazwa hospitali), hadi dola 518 kwa mwezi mwaka 2025.

Na makao ya wazee ya kudumu? Medicare hailipi. Zile siku 100 mnazozisikia ni za uuguzi wa kupona baada ya kulazwa, na kuanzia siku ya 21 unachangia.