Je, wajua kwa nini programu ya kuchora huandika kodineti kama 9.24872e+06?

Mchoraji wa ramani za viwanja anayetumia AutoCAD anaweza kuuliza kodineti za kigingi, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo, kwa amri ya AutoLISP, ile lugha ya kuandikia amri iliyomo ndani ya programu hiyo, akajibiwa 531403.0 kwa upande wa mashariki na 9.24872e+06 kwa upande wa kaskazini. Herufi e yenye +06 humwambia msomaji azidishe namba iliyotangulia kwa kumi kwa kipeo cha sita, yaani asogeze nukta ya desimali hatua sita kulia, na hapo atapata 9,248,720. Tuseme kigingi hicho kiko Dar es Salaam na kodineti yake halisi ya kaskazini ni 9,248,715.332. Anayenakili jibu lile kama lilivyo atakuwa amekihamisha kigingi mita 4.668.

Hata hivyo, programu haijapoteza chochote. AutoCAD hutunza kila kodineti kwa biti 64, nafasi inayotosha tarakimu 15 hivi zenye maana, na kwa namba zenye ukubwa wa milioni tisa, hatua kati ya thamani moja na inayoifuata ni takriban nanomita mbili, udogo ambao hakuna chombo cha upimaji wa viwanja kinachoufikia. Kilichofupishwa ni maandishi tu. AutoLISP inapochapisha namba yenye desimali kwenye mstari wa amri huonyesha tarakimu sita zenye maana, na namba ikifika milioni moja, yaani ikihitaji tarakimu saba kabla ya nukta, hugeukia mwandiko wa kisayansi, ule wenye herufi e. Anayechora kipuri cha mashine kwa milimita huenda asikutane na jambo hili maisha yake yote.

Sisi tunaopima viwanja kusini mwa Ikweta tunakutana nalo kila siku kwa sababu ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda na kutoa kodineti kwa mita. Ili maeneo yaliyo kusini mwa Ikweta yasipate namba hasi, mfumo huo huipa Ikweta yenyewe thamani ya mita 10,000,000, kisha hesabu hupungua kadiri mtu anavyokwenda kusini. Ndiyo maana kodineti za kaskazini za Dar es Salaam huanzia na milioni tisa na laki mbili, na za Nairobi huanzia na milioni tisa na laki nane. Upande wa mashariki, mstari wa kati wa kila kanda hupewa mita 500,000, kwa hiyo namba zake hubaki na tarakimu sita na haziguswi na ile herufi e.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa iko hapo ambapo herufi e haionekani. Jibu la 531403.0 linaonekana kamili, lina hata desimali yake, ilhali thamani iliyotunzwa ni 531,402.618 na sentimita 38 zimemezwa kimya kimya.

Dawa inategemea ufupisho umetokea wapi. Ikiwa ni kwenye AutoLISP, namba igeuzwe kuwa maandishi kwa kazi iitwayo rtos: ukiandika (rtos n 2 3), ambapo n ni ile kodineti, 2 ni mtindo wa desimali na 3 ni idadi ya tarakimu baada ya nukta, utapata 9248715.332. Ikiwa mwandiko wa kisayansi unaonekana kila mahali, hata amri ya ID, inayotaja kodineti za nukta, ikijibu hivyo, basi mchoro wenyewe umewekwa katika mtindo huo. Fungua amri ya UNITS, chagua desimali kwenye aina ya urefu, kisha chagua usahihi unaoutaka. Kubaki kwenye mtindo wa kisayansi na kuongeza usahihi tu hakusaidii sana, kwa kuwa hata ukifika kikomo cha tarakimu nane baada ya nukta utaona 9.24871533E+06, na milimita bado hazimo. Vipimo vinavyoandikwa juu ya mchoro vina mpangilio wao, DIMLUNIT, nao hurekebishwa peke yake.

Kwenye Excel mambo ni mabaya zaidi. Seli iliyowekewa mwandiko wa kisayansi huonyesha 9.25E+06, na faili ikihifadhiwa kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana, kwa hiyo anayeifungua baadaye anapata 9,250,000, kosa la zaidi ya kilomita moja, na kubadili mtindo wa seli wakati huo hakurudishi tarakimu ambazo hazimo tena kwenye faili. Orodha ya vigingi ambayo kodineti zote za kaskazini zinaishia na sifuri imekwisha kupita kwenye ufupisho mahali fulani, na inapaswa kutolewa upya kutoka kwenye mchoro kabla mtu hajaenda nayo uwandani.